Uzoefu wangu: nilipimisha presha ya tenki la kompresa, Tororo

Mi nina gereji ya matairi hapa Tororo, Uganda, barabara ya kwenda Malaba, na wateja wangu wengi ni madereva wa trela. Tairi la trela linataka upepo wa kama 120 psi, hiyo ni baa 8 na kidogo, kwa hiyo kompresa ikilala na sisi tumelala. Hii niliyokuwa nayo niliinunua mtumba, tenki la lita 200, na aliyeniuzia akanisifia kwamba "ameifungua" ijaze haraka. Nilifurahi kabisa, sikumuuliza ameifungua vipi.

Nimefanya nayo kazi miezi minane hivi. Siku moja dereva mmoja, mzee wa Mombasa, amekaa anangoja tairi lake, akaiangalia geji akaniambia, "Kijana, hiyo sindano mbona iko 12 na kibao kinasema 10?" Nikainama nikafuta vumbi kwenye kile kibao cha bati kilichobandikwa kwenye tenki, kweli kimeandikwa PS baa 10, PT baa 15, V lita 200. Miezi minane napita hapo sijawahi kukisoma. Usiku ule sikulala vizuri manake vijana wangu wawili wanakaa hapo hapo karibu na tenki wakibandika pancha.

Basi nikatafuta mkaguzi wa vyombo vya presha, nikaelekezwa kwa mmoja wa Kampala ambaye anapima maboila, yale matenki ya kuchemshia maji yawe mvuke, na matenki ya upepo. Bei tulikubaliana laki mbili na nusu na nauli juu yangu. Alisema atakuja Jumanne akaja Alhamisi, hilo sikulipenda, halafu alikuja bila nipeli, vile vipande vya bomba vya kuunganishia pampu yake, tukapoteza asubuhi nzima kuzunguka maduka ya mabomba mjini kutafuta saizi. Mtu wa kazi hii aulize saizi kwa simu kabla hajatoka kwake.

Lakini kazi yenyewe, jamani, huyu mtu anaijua. Kwanza hakugusa pampu, alianza na valvu ya usalama, ile ndogo ya shaba yenye pete ya kuvuta. Akavuta, haitoki kitu. Akaifungua, kumbe ndani springi imekazwa kwa boliti, yaani hata presha ipande vipi haifunguki. Hiyo ndio "kuifungua" niliyosifiwa! Valvu iliyozibwa, halafu swichi ya presha, ile inayozima mota, imesukumwa mpaka 12. Akanieleza kwamba PS ndio kikomo cha kazi cha tenki, valvu inatakiwa ifunguke kwenye hicho kikomo au chini yake, haivuki, na PT ni presha ambayo kiwanda kilijaribia tenki likiwa jipya, sio ruhusa ya kufanyia kazi. Mi nilipoona ile 15 nilijua 12 bado tuko salama, na nadhani wengi wanaoona hiyo namba wanafikiri hivyo hivyo.

Akapitisha kipimo cha unene, kile kinachotumia mawimbi ya sauti, unapaka mafuta kidogo kwenye chuma unakiweka. Ubavuni milimita 3.6, chini akapata 2.8 na sehemu moja 2.5. Ukuta wa chuma ukibaki nusu, mvutano ndani yake kwa presha ile ile unakuwa mara mbili, kwa hiyo hizi namba sio mchezo. Ila akaniambia kipimo kinasoma pale tu unapokiweka, kishimo cha kutu kikiwa sentimita mbili pembeni hakikioni. Na kutu inakaa chini kwa sababu upepo ukibanwa unaacha maji, maji yanashuka, na mi koki ya kumwagia nilikuwa naifungua labda mara moja kwa mwezi.

Ndio tukaja kwenye jaribio la maji. Tenki linajazwa maji mpaka juu, upepo wote unatolewa, halafu unapandisha kwa pampu ya mkono taratibu mpaka mara 1.3 ya kikomo, kwangu mimi ni baa 13. Nikamuuliza mbona usitumie upepo wa kompresa yenyewe, akasema maji karibu hayabaniki, tenki likipasuka maji yanamwagika basi, lakini upepo uliobanwa ni kama springi, ukiachiwa unarusha vyuma. Boila ndio mbaya zaidi, maji ya ndani kwenye baa 10 yana joto la nyuzi 184 hivi, yakipata mwanya yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya lita kama 1,600. Akanitajia kiwanda cha viatu cha Brockton, Marekani, mwaka 1905, boila moja lililipuka watu 58 wakafa, na kama miaka kumi baadaye ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha huko Marekani, kikatoa kanuni za maboila.

Baa 10, kimya. 11, 12, kimya. Kufika 12 na nusu kijana wangu akasema, "Boss, linatoa jasho." Chini karibu na mguu, penye weldingi ya zamani iliyopakwa rangi juu, tone moja la maji, halafu la pili, na sindano ikaanza kurudi. Maji yakachuruzika sakafuni, basi. Nusu baa tu juu ya pale tulipokuwa tunafanyia kazi kila siku, na upepo ndani.

Alilikataa tenki pale pale, na akakataa kabisa niliweldi upya. Tulilikata kwa gesi lisiuzwe tena kwa mtu mwingine, na ndani chini kulikuwa na vishimo vya kutu vya kuingiza ncha ya kidole. Nimenunua tenki jipya lenye kibao, valvu ya baa 10, swichi inakata kwenye 9, na matairi ya trela yanajaa tu, yanachelewa dakika chache. Koki inafunguliwa kila jioni.

Kwa wenye gereji na wenye maboila ya kufulia nguo au maziwa, sheria yetu ya usalama kazini ya 2006 inagusa maboila na matenki ya upepo pia, kwa hiyo muulizeni mkaguzi kibali chake kutoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kabla hamjamlipa, na cheti cha geji yake pia. Wangu alinionyesha vyote nilipouliza. Ripoti yake ni nzuri ila imeandikwa Kiingereza kitupu, nimemwomba ukurasa mmoja wa Kiswahili niubandike ukutani vijana wausome, alikubali, na bado naungoja.