Thunar: mstari umejaa, flashi bado

Kwa kompyuta kongwe za steshenari za Ngamiani, Tanga, Thunar, programu ya kusimamia faili kwenye mfumo wa Linux, inafaa: nyepesi, na dirisha lake la kunakili linaonyesha kasi, muda uliobaki na kitufe cha kusitisha. Shida ni flashi. Video ya harusi ya GB 2 hujaza mstari wa maendeleo fasta, kisha mara nyingi unaganda karibu na mwisho, maana Linux hupokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) kwanza, ndipo iiandike kwenye flashi taratibu. Mteja mwenye haraka (na nani hana?) akichomoa hapo, anaondoka na faili bovu. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sync, subiri kishale kirudi. Ukitaka kuona kilichobaki, fungua terminali nyingine, andika grep -e Dirty -e Writeback: /proc/meminfo. Namba zikikaribia sifuri na sync ikiisha, toa flashi kwa alama ya kutoa iliyo kando ya jina lake kwenye Thunar.