Kasha la santuri za Stuart Burrows: mwimbaji asali, muuzaji shubiri
Nyota moja, na hiyo moja ni ya Burrows. Duka lisijisifu.

Juzijuzi nilinunua kasha la santuri tatu za Die Zauberflöte, opera ya Mozart, ile iliyorekodiwa Vienna mwaka 1969, Georg Solti akiongoza. Duka ni la mitumba hapa Cardiff, Wales, jina nalihifadhi. Kibandiko kiliandikwa "hali nzuri sana". Sikulifuata kasha kwa sababu ya Solti wala ya Fischer-Dieskau, mwimbaji mwingine maarufu aliyemo. Nilimfuata Stuart Burrows anayeimba Tamino, yule mwana wa mfalme, na Tamino ana wimbo ambao sisi wa sauti ya tatu, yaani teno, tunapimana nao: kapewa picha ya msichana asiyemjua, anaitazama, moyo unakwenda. Okestra inampisha, na mwenye pumzi fupi anaumbuka mchana kweupe.

Na ni hapohapo santuri inaporuka! Utangulizi wa okestra safi. Papageno mtega ndege na ndege zake, safi. Burrows anaanza, sauti inapanda taratibu bila kulazimishwa, halafu tak, tak, tak. Silabi ileile, mpaka uinuke ukanyanyue sindano.

Nikairudisha. Muuzaji hata hakuitoa kwenye jalada lake. "Badilisha sindano yako, bwana." Sindano hiyohiyo inapiga santuri zangu zote na hazijawahi kulalamika! Kisha akanionyesha boksi la pembeni: kama nataka teno nichukue Pavarotti, wamejaa tele, bei ya chai.

Jamani, Cardiff hii! Burrows kazaliwa Cilfynydd, hapo juu tu karibu na Pontypridd, kijiji cha wachimba makaa enzi hizo, tena mtaa mmoja na Geraint Evans, mwimbaji mwingine mkubwa wa opera. Alikuwa mwalimu wa shule. Opera kaianza na Welsh National Opera, kampuni ya opera ya Wales, mwaka 1963, ana miaka 30, umri ambao wengine wameshazeeka jukwaani. Mwaka 1971 yuko Metropolitan, jumba la opera la New York, akiimba Don Ottavio kwenye Don Giovanni ya Mozart. Mtunzi Stravinsky mwenyewe alimtaka kwa Oedipus Rex yake. Mtu wa namna hiyo anauzwa na kijana asiyejua hata anauza nini, nyumbani kwao!

Haya, hasira kando. Santuri ya pili na ya tatu hazina neno. Pale Tamino anapopita kwenye moto na maji, Burrows hapigi kelele hata kidogo, anaimba kama mtu anayejua atatoka upande wa pili. Maneno yote yanasikika. Kwa hela niliyotoa, pengine si wizi. Tuseme nyota tatu. (Asiyetaka presha amtafute kwenye La clemenza di Tito, opera nyingine ya Mozart, ile aliyoiongoza Colin Davis, humo yeye ndiye Tito mwenyewe, na mwimbaji Janet Baker yumo.)

Ila nimeirudia ile ya kwanza sasa hivi, huku naandika. Tak, tak, tak. Zile tatu nazifuta, inabaki moja. Hela yangu hawajarudisha, na risiti ninayo. Ukienda pale, waambie wakupigie upande wa kwanza mbele yako kabla hujafungua pochi. Wakianza habari za sindano, toka.