TAHADHARI: Fundi wa "kuimarisha" bodi za faiba huku Midlands, msimpe hela

Wakuu habari za jioni. Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikirukaruka mnisamehe. Kuna jamaa mmoja, mtu wa kwetu kabisa, anajitangaza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Uingereza kwamba ni fundi wa bodi za faiba (plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo) za magari ya zamani, anaimarisha boneti, milango, matako ya gari, kila kitu, kwa "epoksi na Kevlar kama ya Formula 1", yaani resini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) na kitambaa cha nyuzi ngumu sana. Jina sitaji maana nataka kumpeleka mahakamani, ila ukisoma mpaka chini utamjua kwa kazi yake.

Gari langu ni Reliant Scimitar GTE ya 1972, V6 ya Ford lita 3, aina ile ile aliyoipenda Princess Anne mpaka akamiliki kadhaa. Chasisi chuma, bodi yote faiba. Sasa faiba haishiki kutu lakini inachoka, na boneti ya kwangu ilikuwa imeanza nyufa za buibui karibu na bawaba, na nikiwa barabara kuu ya M6 mwendo wa maili 60 naiona inapanda inashuka kama tumbo la mbuzi aliyekimbizwa. Sio ugonjwa mgumu. Unageuza boneti, unakwangua upande wa chini mpaka ufikie faiba yenyewe, unafuta asetoni, unalaza tabaka mpya mbili tatu kwa siku tofauti ili joto la resini lisiipinde, basi. Mimi mikono yangu ya kufunga nati tu nikaona nimwachie mtaalamu.

Jamaa akaniambia pauni 1,800. 1,200 za mwanzo nikamtumia kwa benki, 600 nikampa mkononi siku ya kuchukua gari. Risiti hakuna, "kaka sisi si ndugu bwana, risiti ya nini?" Na mimi mjinga nikacheka.

Kazi ilianza Novemba. Kila wiki ananitumia picha, mkeka mweupe wa nyuzi zilizotawanyika ovyo umelowa resini, yeye amevaa maski anaonyesha dole gumba. Hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa najua ninachojua leo. Ule mkeka wa nyuzi fupi nyingi yake imeshikiliwa na gundi ambayo huyeyuka ikikutana na staireni, kemikali iliyomo kwenye resini ya poliesta, na ndio maana unalainika na kulala vizuri kwenye kona. Epoksi haina staireni. Ukiweka mkeka ule na epoksi, gundi haiyeyuki, mkeka unabaki mgumu unasimama kwenye kona kama nywele za asubuhi, ndio maana watu wa epoksi hutumia kitambaa kilichofumwa. Kwa hiyo mtu anayekwambia anatumia epoksi halafu picha inaonyesha mkeka wa kawaida umelala vizuri, ama hajui kazi au ndoo ile ni poliesta ya bei rahisi. Na Kevlar rangi yake ni njano ya dhahabu, hata ukiipaka resini njano inaonekana, tena mkasi wa kawaida unahangaika kuikata. Kwenye picha zake zote sikuona hata kipande kimoja cha njano, nilipomuuliza akasema "iko katikati".

Nikachukua gari Januari. Chini ya boneti kamwaga ile rangi nene nyeusi ya lami wanayopulizia chini ya magari, pote pote, hata kwenye bawaba. Nikauliza mbona hivi, akasema inazuia kelele. Ndani ya gari harufu kali ya resini ambayo wiki sita baadaye ilikuwa haijaisha, nimekuja kuambiwa maana yake resini haikuiva. Poliesta haipendi baridi, chini ya nyuzijoto 15 hivi inasuasua, na gereji yake ile Desemba ilikuwa na mlango wazi na kihita kimoja.

Mwezi wa tatu nikaona lami imevimba kona ya kushoto. Nikaingiza ukucha. Wakuu, karatasi nzima ya faiba ukubwa wa sinia ikabanduka mkononi kama ukoko wa wali uliolowekwa maji, na chini yake nikakuta rangi ya zamani ya gari INANG'AA, naona uso wangu. Hakugusa msasa hata mara moja, kalaza faiba juu ya rangi! Pale penye nyufa kajaza puti tupu, nimekwangua kwa bisibisi imetoka unga. Ndio zile nyufa zimerudi hadi juu kwenye rangi mpya.

Ilikuwa boneti tu nashukuru. Fikiria mtu mwenye Lotus Elite ya zamani, ile iliyozinduliwa 1957, haina chasisi ya peke yake, faiba ndiyo iliyobeba karibu kila kitu mpaka suspensheni ya nyuma. Ukilaza ukoko kama huu pale unaua mtu. Na msitegemee kuna mtu atakagua, magari ya zaidi ya miaka 40 mengi hayalazimiki kupita MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, tangu 2018, na nadhani jamaa analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Nimempigia. Mwanzo "naja wikiendi kaka", baadaye akasema nimeipiga boneti mwenyewe, sasa kaniblok. Nimeongea na Citizens Advice, wale wa ushauri wa bure, wamesema sheria ya 2015 ya haki za mlaji inataka kazi ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, nimtumie barua kwanza halafu nifungue kesi ya madai madogo, ambayo hapa England yanafika pauni 10,000. Ningelipa kwa kredit kadi ningekuwa na pa kushika, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100. Nilituma kwa benki, ndugu kwa ndugu.

Kama gari lako liko kwake sasa hivi, nenda na sarafu ya pauni 2. Gonga paneli taratibu kila inchi mbili tatu, paliposhikana panalia kavu na kali, palipoachia panalia bubu kama boga. Akikukatalia kugonga, au ameshapaka ile lami nyeusi kabla hujaona faiba, usitoe hela iliyobaki. Na omba picha ya paneli IKIWA IMEKWANGULIWA, kabla ya resini, yeye picha hiyo hana.

Ambao mlishapigwa na huyu jamaa njooni inbox tuunganishe ushahidi, mpaka sasa tuko wawili. Boneti yangu iko juu ya meza gereji, nimeshakwangua nusu ya kushoto mwenyewe na mikono inawasha usiku kucha, vumbi la faiba si mchezo.