Bois du Cazier, Marcinelle: mgodi ambao haukusahau majina

Mtoto wa Lubumbashi ukimwambia achore mji wake, atachora bomba refu la moshi na kile kilima cheusi pembeni yake. Mimi nimekua nikikiona kila asubuhi. Papa alifanya kazi ya fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba, miaka 31, na kwetu neno terili, yaani kilima cha masalio ya mgodi au kiwanda kama hicho, lilikuwa la nyumbani kama neno bukari, ugali wetu. Sikuwa nimejiuliza limetoka wapi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayekaa Charleroi, Ubelgiji, ndiye aliyeniambia ni neno la wachimba makaa ya mawe wa kule. Nilipoenda kumsalimia, akanipeleka Bois du Cazier. Ninawaandikia ninyi wa mitaa yetu ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, maana najua wengi mna ndugu huko: mkifika, msiache kwenda.

Bois du Cazier ni mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1967. Uko Marcinelle, mtaa wa Charleroi, katika eneo ambalo wenyewe wanaliita Pays Noir, yaani Nchi Nyeusi. Tangu 2002 ni makumbusho, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonia, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa.

Cha kwanza kukutana nacho ni geti la chuma. Nyuma yake kuna minara yenye magurudumu makubwa yaliyokuwa yanashusha watu na kupandisha makaa. Nilisimama kwenye geti lile muda mrefu. Hapo ndipo wake na mama za watu walishikilia vyuma wakingoja habari, kuanzia asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956. Siku hiyo watu 275 walikuwa wameshuka. Kwenye kina cha mita 975, kigari kimoja cha makaa hakikuingia sawasawa katika kizimba, ile lifti ya mgodi. Kikabaki nusu ndani, nusu nje. Wa juu na wa chini hawakuelewana, kizimba kikavutwa. Katika kupanda, kikavunja bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa, vyote pamoja. Moto ukawaka, na ileile hewa iliyokuwa inaingizwa ili watu wapumue ndiyo iliyobeba moshi mpaka kwenye njia za mbali kabisa. Walikufa 262. Waokoaji walihangaika wiki mbili, mpaka mmoja wao akapanda na maneno mawili ya Kiitaliano: tutti cadaveri. Wote maiti.

Kwa nini Kiitaliano? Kati ya waliokufa, 136 walikuwa Waitaliano, na Wabelgiji 95. Waliobaki walitoka nchi nyingine kumi. Mwaka 1946 Ubelgiji na Italia zilikuwa zimepatana: Italia itoe wafanyakazi 50,000, nayo iuziwe makaa. Wengi walipofika walilazwa katika vibanda vya kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita. Hapo nilisimama tena. Nani wa Lubumbashi asiyejua habari ya kambi? Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba yetu, nayo ilikusanya watu kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ikawapanga katika nyumba za safu, wakapimiwa posho. Babu yangu alikuja hivyo. Na fonderi yetu, kwa miaka mingi, ilikula koki, makaa ya mawe yaliyookwa, ya Wankie (Hwange ya Zimbabwe ya leo), iliyopanda kwa treni kutoka kusini. Shaba yetu na makaa ya watu wengine ni ndugu wa zamani.

Chumba cha kumbukumbu ndicho kilichonishika. Nyuso za marehemu ziko ukutani, na majina yao: wengine vijana wadogo, wengine watu wazima wenye masharubu kama ya Papa kwenye picha zake za zamani. Kila tarehe 8 Agosti kengele hupigwa mara 262, mara moja kwa kila mtu. Hata kama una saa moja tu ya kukaa pale, itumie katika chumba hicho.

Kuna pia makumbusho ya viwanda na ya vioo. Ya viwanda ni mazuri kwa mtu anayependa mashine; ya vioo nilipita haraka.

Halafu panda terili. Ziko tatu, zina njia za miguu, na miti imeota mpaka juu. Ungedhani ni vilima vya Mungu. Yetu ni kitu kingine: ni masalio ya shaba iliyoyeyushwa, magumu, na ndani yake kulikuwa na kobalti na zinki, ndiyo maana watu walirudi kuichimba upya. Ya kule ni mawe yaliyotoka chini pamoja na makaa. Ukifika juu unaiona Charleroi yote. Vaa viatu vigumu. Mimi nilipanda na viatu vya misa, mvua ikiwa imenyesha, yaya akanishika mkono njia nzima.

Mjue jambo moja: Bois du Cazier hamtashuka chini ya ardhi. Anayetaka kushuka kwa kizimba aende Blegny, karibu na Liège, ambako wageni hufika mpaka mita 60 chini. Mimi bado nachagua Marcinelle. Tenga nusu siku. Maelezo niliyasoma kwa Kifaransa, na watoto wa shule tuliowakuta mle walikuwa wametulia kama wako kanisani.

Niliporudi Katuba nilimwonyesha Papa picha kwenye simu. Minara aliitazama kidogo tu. Picha ya majina aliniomba niikuze, akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, akiyatamka Kiitaliano chake cha kubahatisha. Alipomaliza aliweka simu chini, akaanza kutaja wenzake wa zamu ya usiku waliotangulia: huyu wa Kasenga, huyu wa Kamina, huyu alikuwa golikipa wetu. Nilichukua daftari la mwanangu nikaandika. Tunaendelea kila Jumapili baada ya chakula. Tumefika majina 47.