Intaneti ya mukini: nunua nini Lubumbashi kabla ya kushika barabara ya Kasenga

Kabla ya kutoa hata franka moja, nenda kijijini na simu ya 4G na kadi za Vodacom, Airtel na Orange. Kisha panda kichuguu. Si mzaha: vichuguu vya kwetu Katanga hupita paa za nyumba, na kwa mjomba wangu kuna kimoja kilichochongwa ngazi kwa ajili ya kupiga simu tu. Chini tulipata 2G ya kusuasua. Juu, 4G. Hapo nikajua cha kununua.

Chaguo langu la kwanza ni ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Kichuguu kikishika mtandao, mlingoti wa urefu huohuo utashika pia. Funga antena ya mwelekeo, uigeuze polepole kuelekea mnara huku mtu wa chini akikusomea nguvu ya mawimbi. Kebo iwe fupi na nene. Ile ndefu nyembamba itakunyang'anya yote uliyoyapandia. Na muuzaji akikuapia kwamba ruta yake "inavuta", igeuze uone matundu kwa macho yako. Mimi sikugeuza. Ile ruta sasa iko mjini, nyumbani, ambako hata simu ingetosha.

Pasipo mnara kabisa, Starlink, intaneti ya satelaiti. Ilikatazwa nchini Kongo (DRC) Machi 2024, ikapewa kibali Mei 2025, kwa hiyo hakuna sababu tena ya kupitisha sahani ya akaunti ya Zambia pale mpakani Kasumbalesa. Satelaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, ndiyo maana mazungumzo ya video hayachelewi. Inataka anga wazi, basi iweke mbali na miti. Shida ni umeme. Ile ndogo, Mini, hula wati 25 hadi 40. Chukua 30 kwa saa 24: wati-saa 720. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, usiyotaka kuiua mapema, inakupa nusu tu ya ilichobeba, kama 600. Kwa hiyo izime usiku, au duka, shule na zahanati wachangie sola kubwa zaidi.

VSAT ya zamani, ile intaneti ya sahani ya satelaiti za mbali, naiweka mbali nyuma. Satelaiti yake iko karibu kilomita 36,000, na neno kwenda na jibu kurudi huchelewa zaidi ya nusu sekunde, mnaishia kukatizana.

Kadi ya Zambia ukingoni mwa mto Luapula, mpakani, ni ya akiba tu. Ila ukiwa huko, chagua mtandao wako kwa mkono, la sivyo simu itajirukia ng'ambo yenyewe na kumaliza unite zako.

Pesa ikibaki, nunua nondo ya shaba ya kuzika ardhini na waya wa kuifunga kwenye mlingoti. Mvua za Novemba huku kwetu huja na radi.