Kozi za Kijerumani ugenini: uliza basi la mwisho kabla hujauliza ada

Jumapili iliyopita binti wa dada yangu alinijia hapa Mwanga, Kigoma, simu mkononi na uso unang'aa. Anajiandaa kwenda Ujerumani kuwa au pair, yaani kukaa na familia na kuwalelea watoto, na tayari ameanza kusoma lugha. "Mama mdogo, njoo umwone mwalimu wetu anavyofundisha." Nilikuwa nachambua dagaa. Nikanawa, nikakaa. Video ikaanza: kijana Mhispania yuko uwanja wa ndege, anakutana na mtoto wa kike, mara begi halionekani.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu Nico mimi namjua miaka mingi."

Alikuwa amelipa laki mbili na nusu. Kwa pesa hiyo kila Jumatatu alitumiwa video kumi, kwenye kona wamebandika nembo yao na namba ya simu ya kulipia. Chini ya nembo hiyo, ukikodoa macho, bado inachungulia alama ya Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani. Mfululizo wenyewe unaitwa Nicos Weg, unaanzia A1, ngazi ya kwanza ya lugha, hadi B1, ngazi ya tatu, na Deutsche Welle wanautoa bure na mazoezi yake yote. Mtu kaushusha, kaupiga muhuri wake, anauza. Na "mwalimu" ukimwuliza swali anajibu kwa kidole gumba.

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nililizwa kwa euro, tena nikiwa hukohuko Ujerumani na macho yangu mawili. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Nakuandikia wewe mtoto wa Kigoma uliyeko kule au uliye njiani. Sitakuambia ulinganishe vitabu wala uulize idadi ya wanafunzi darasani, hayo mengine wameshayaandika. Mimi nina swali moja, basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi, na madarasa nimeyapanga kwa swali hilo.

Niliishi jimbo la Niedersachsen, kijijini, kilomita 19 kutoka mjini. Nikaona tangazo la shule moja ya binafsi: vioo hadi chini, mashine ya kahawa mlangoni, walimu wanatabasamu. Nikalipa euro 390 kwa miezi mitatu, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tatu usiku. Walimu wazuri, sina neno nao. Ila basi la mwisho la kurudi kijijini lilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na nane, na kituo kipo mwendo wa dakika nane kwa miguu. Kwa hiyo kila ikifika saa mbili na nusu nakusanya daftari, naomba radhi, naondoka. Na ile nusu saa ya mwisho ndiyo walioitenga kwa maongezi! Miezi mitatu nimelipia kuongea, nikafundishwa kuandika. Fomu ya manispaa naijaza bila kosa, lakini dada wa duka la mikate akiniuliza "Sonst noch etwas?", yaani kama nataka kingine, nabaki kucheka kama mwali.

Shule iliuza ada. Habari ya usafiri hawakuigusa, na mimi sikuuliza.

Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu nimekulia Kigoma. Hapa ukimaliza shughuli zako Mwanga saa nne usiku, bodaboda watatu watakugombania hadi Ujiji. Hatujazoea kuhesabu usafiri kama sehemu ya darasa. Kijijini Ujerumani hakuna bodaboda. Kuna basi, na basi lina karatasi ndani ya kioo pale kituoni, na karatasi ile lazima ujifunze kuisoma kabla ya kujifunza herufi zao zenye nukta mbili juu.

Jioni moja nilitoka mapema kama kawaida, nikasimama kituoni. Basi halikuja. Dakika kumi, ishirini, baridi inapenya soksi. Nikawasha tochi ya simu nikaisoma ile karatasi upya, na pembeni ya saa ya basi langu nikaona kiherufi S, kidogo kama mdudu. Nikashuka chini kabisa kwenye maelezo: basi hilo linatembea siku za shule tu. Shule zilikuwa zimefungwa juzi yake. Baba mwenye nyumba alikuja kunichukua kwa gari, koti juu ya nguo za kulalia, na njia nzima hakusema neno.

Kuna na dawa yao nyingine, inaitwa Rufbus: basi linalokuja ukilipigia simu. Sehemu nyingi unatakiwa upige saa moja kabla. Mtu anayetafuta kozi ya Kijerumani apige simu, aeleze kwa Kijerumani yuko kituo gani, apelekwe kwenye kozi ya Kijerumani. Nani alikaa akapanga hivi, sijui.

Haya, tuingie kwenye madarasa.

La kwanza kwangu ni Volkshochschule, wenyewe wanaandika vhs, na sifichi kwamba nawapendelea. Ni shule za watu wazima zinazobebwa na manispaa na wilaya. Ziko karibu mia tisa nchi nzima, na nyingi zina matawi hadi kwenye miji midogo. Hapo ndipo zinaposhinda swali langu. Mara nyingi darasa linafanyika kwenye shule ya msingi ya mji wa jirani, wakati mwingine asubuhi, wakati watoto unaowalea wako shuleni na mabasi yapo tele. Ratiba hutoka mara mbili kwa mwaka, mihula ikianza karibu na Februari na Septemba. Kijitabu chao unakikuta maktaba au ofisi za mji, bure. Kabla ya kuanza wanakupima kiwango chako. Ada huhesabiwa kwa vipindi vya dakika 45, na vhs nyingi zina punguzo linaloitwa Ermäßigung kwa wanafunzi na wenye kipato kidogo, kwingine hata kwa au pair. Uliza kabla ya kujiandikisha, ukiwa na kitambulisho au mkataba mkononi. Ukikumbuka baada ya kulipa, imekula kwako.

Wana kasoro, sikatai. Wasipofika idadi, kozi inafutwa wiki ya mwisho, na likizo za shule nao hupumzika. Lakini shule zikifungwa, wanafunga pamoja, wao na lile basi lenye S.

Na kuna kitu pale wengi hawakijui. Vhs hawafundishi lugha tu. Kuna kushona, kupika, kompyuta, ufinyanzi. Mimi nilijiandikisha kushona, Jumamosi asubuhi, ada ndogo kuliko ya lugha. Wamama saba wa Kijerumani na cherehani, hakuna anayenihurumia kwa kuongea polepole. Uzi umekatika, sindano imevunjika, upindo umekaa vibaya, yote kwa Kijerumani na mikono ikionyesha. Wiki ya nne nilikuwa nabishana nao kuhusu mfuko wa gauni. Kitenge changu cha kutoka Kigoma kilizungushwa meza nzima, na bibi mmoja wa miaka kama sabini akaniuliza mpaka bei ya yadi. Nikaongea kwa dakika kumi bila kutafuta neno. Ile shule ya vioo haikuwahi kunifikisha hapo.

Nafasi ya pili ni Sprachcafé, baraza la maongezi. Wanaendesha makanisa, mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie na AWO, na maktaba za miji. Bure, chai na keki mezani, wastaafu wanaopenda kuongea. Nyingi ziko mchana, na hiyo peke yake inatosha kuzipa nafasi ya pili. Usitegemee sarufi pale. Nenda na jambo la kusimulia. Mimi nilikuwa nawasimulia MV Liemba. Meli yetu ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari, ikapanda treni na kuja kuungwa hapa Kigoma. Papenburg iko Niedersachsen hiyohiyo, na pale mezani walikuwepo waliozaliwa jirani nayo wasioijua habari hii. Walinisahihisha vitenzi vyangu huku wamefungua midomo.

Ya tatu ni kubadilishana lugha na mtu mmoja, wao wanaita Tandem. Watu wetu wanaidharau kwa sababu haina cheti. Lakini sikia: Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu Leipzig, Hamburg, Bayreuth, na Humboldt kule Berlin. Kwa hiyo kwenye miji hiyo kuna wanafunzi wanaohangaika na ngeli zetu, wanatafuta mtu wa kuongea naye, na mtu huyo ni wewe. Bandika karatasi kwenye ubao wa idara. Nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani, sehemu mnachagua wenyewe, kwa hiyo chagua kituo cha basi lako. Ukiwa kijijini kama nilivyokuwa mimi, hili sahau.

Integrationskurs, kozi ya serikali ya kuwazoeza wageni lugha na nchi, siipangi na hizi kwa sababu si ya kila mtu. Ni vipindi 600 vya lugha na 100 vya historia, sheria na maisha ya nchi, mwisho mtihani. Serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama. Ukienda kwa ndoa, ofisi ya wageni ndiyo ya kuuliza kama unaruhusiwa. Au pair kwa kawaida haimhusu, ila yeye ana haki yake nyingine: familia inatakiwa kuchangia euro 70 kila mwezi kwa kozi ya lugha, mbali na posho ya euro 280. Wasichana wetu wengi hawaambiwi hili. Wanatoa ada kwenye posho, wanashukuru. Mwanangu, ile 70 si zawadi. Idai kabla hujasaini mkataba.

Za mtandaoni: Nicos Weg, umeshaiona, na vhs-Lernportal, bure nayo, hadi B2. Nzuri. Hazina basi. Lakini hazikuulizi "Sonst noch etwas?" ukiwa na watu sita nyuma yako kwenye foleni.

Nauli nayo ni ada, iandike kwenye hesabu. Tiketi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikawa 63. Ni usajili, inajikata kila mwezi mpaka uivunje, na ukichelewa kupita tarehe kumi unalipa na mwezi unaofuata. Piga mwenyewe: kozi ya "bei rahisi" mji wa mbali, ukijumlisha tiketi miezi mitatu, ni euro 189 juu ya ada. Na basi bado halijakuja.

Sasa wacha niseme na hawa wauzaji wetu wa hapa nyumbani, maana moyo haujatulia. Cheti cha A1 kwa ajili ya viza ya au pair kinatoka kwenye mtihani unaotambuliwa, kama ule wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, ambao wapo Dar es Salaam, Upanga. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni safari: reli ya kati, ileile waliyoijenga Wajerumani na kuifikisha hapa 1914, ni zaidi ya kilomita 1,200. Watu wanajua safari hiyo inavyotutisha, ndipo wanapotuuzia "cheti cha ndani" huku Mwanga na Gungu, kimepigwa chapa ya rangi na bendera ya Ujerumani kona ya juu. Ubalozi hauna haja na karatasi hiyo, hawaiangalii. Na laki mbili na nusu ya mtoto wa dada yangu imeondoka kwa video za bure. Alipowapigia kudai pesa yake, wakamwambia alichonunua ni "mpangilio". Mpangilio! Nico mwenyewe anakwenda kwa namba, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata mwanangu wa darasa la nne angezipanga.

Basi Jumapili hiyo dagaa walisubiri. Tulikaa naye tukaandika barua kwa familia inayomchukua, maswali matatu: Volkshochschule iko wapi, basi la mwisho kutoka pale ni saa ngapi, na likizo za shule basi hilo linatembea? La euro 70 tumeliweka mwishoni, kwa adabu lakini kwa tarakimu.

Wamejibu jana. Basi la mwisho ni saa moja kasorobo jioni, likizo halipo. Ila kuna njia ya baiskeli hadi mlangoni kwa vhs, kilomita sita, tambarare tupu, na baiskeli wanayo, ina taa mbele na nyuma. Binti hajui kuendesha baiskeli. Kaka yake anamfundisha jioni nje ya Uwanja wa Lake Tanganyika, na leo amerudi goti limechubuka, anaomba mawese apake.