Fundi aliyetaka kuuza cherehani ya Mama kwa kilo

Jamani naandika hii na roho bado inaniuma. Cherehani ya Mama, Singer ya kukanyaga kwa mguu, ndiyo iliyotusomesha sote watano, kila Januari alikuwa anashona yunifomu za shule mpaka saa nane usiku na sisi tunakata nyuzi. Mto Nyamwamba wa hapa kwetu Kasese, Uganda, ulipofurika 2020 maji yaliingia mpaka ndani, tukaokoa watoto na magodoro, cherehani ikabaki kwenye tope. Tulikuja kuitoa, tukaifuta juujuu tukaiweka stoo, na hapo tulikosea sana maana lile tope lilikuwa na mchanga, likakaukia ndani likawa kama simenti.

Majuzi Mama akasema anataka kushona tena. Nikafungua kichwa cha cherehani, nikakipakia kwenye boda mpaka kwa fundi mmoja hapa Kasese tauni, simtaji, watu wengi wanamsifu. Sasa sikilizeni. Hakufungua hata skrubu moja! Alijaribu gurudumu likagoma, akachukua nyundo AKALIGONGA, mara mbili. Mimi si fundi lakini hata mimi najua mwili wa hizi mashine za zamani ni chuma cha kusubu, hakipindi, kinapasuka, na kikipasuka basi tena. Nikapiga kelele. Akaniangalia akasema dada hii imekufa, nakupa elfu ishirini nikaiuze kwa kilo, wewe nunua ya Kichina. Nikamwambia ni ya Mama. Eti mama yako naye amezeeka, mwache apumzike. Mbele ya wateja! Nililia njia nzima kwenye boda.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe wa kuingia Kongo, kwa mzee mmoja anayefanyia kazi barazani kwake. Huyo aliketi kwanza. Akashika gurudumu taratibu, mbele nyuma, likacheza kidogo tu kama upana wa ukucha, akasema mwanangu ikicheza hivi haijafa, imeganda. Akamulika tochi kila mahali akitafuta ufa, mimi roho mkononi kwa sababu ya zile nyundo, hakuna. Akatoa kile kibati cha chini ya sindano, mchanga uliotoka hapo ungejaza kijiko. Akamimina mafuta ya taa kwenye kila tundu, akaniambia nisiizungushe kwa nguvu, nirudi keshokutwa. Niliporudi ilikuwa inazunguka kwa kidole kimoja, wallahi. Ndipo akaweka oili ya cherehani, akanionya nisije nikaweka mafuta ya kupikia, yakikaa yanageuka gundi na tunarudi palepale.

Nimelipa elfu themanini na tano pamoja na mkanda mpya na sindano. Si kidogo. Na niseme ukweli, yule wa tauni hakukosea kila kitu, pale inapokaa bobini, ile ya kuzungushia uzi wa chini, kutu imeshakula, kwenye kitambaa kizito bado inaruka mishono, na kama ingekuwa mashine ya kuokota sokoni labda ningechukua ile elfu ishirini nikaenda zangu. Labda hata alikuwa na siku mbaya. Lakini hapana, hapana kabisa, siku mbaya ndiyo inakufanya upige nyundo kitu cha mtu kabla hujakifungua? Angefungua akaniambia dada hii haifai, ningekubali hata kama inauma. Yeye alishaipima kwa macho kama chuma chakavu nikiwa bado mlangoni.

Mama tangu juzi anashona mashuka. Kwa mzee wa Bwera nendeni hata kama nauli inauma. Kwa yule mwingine nimeapa sirudi, shida ni kwamba bobini zinazoingia kwenye mashine hii hapa tauni nimeziona kwake tu, na Mama anataka nne. Nitamtuma mdogo wangu. Mimi uso wake sitaki kuuona.